Rola Moja ya Waya

Nisiwafiche: waya ule niliuuza kabla ya kujua ni waya wa nini.

Waliokwenda field wanaijua wiki ya pili ilivyo. Hela uliyotoka nayo chuo imekwisha, na aliyeimaliza ni wewe mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Wanafunzi hawajakuzoea. Walimu wenyeji wamekukabidhi kazi ambazo wao wamezikwepa kwa miaka. Mwenzangu alipewa zamu ya vyoo, mimi nikapewa stoo.

Shule yenyewe ni ya sekondari, iko upande wa Mlali, si mbali na hapa Mzumbe. Jina sitalitaja, mtaona kwa nini. Nyuma yake Uluguru imesimama kama ukuta, na asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Stoo iko mwisho wa jengo la zamani. Nilipoifuta vumbi mlango nikakuta maandishi ya rangi yaliyofifia: CHUMBA CHA KUSIKILIZIA. Ndani mlikuwa na madawati yaliyovunjika, majembe, na ramani ya Afrika ambayo bado ina Zaire. Lakini kuta zilikuwa za ajabu. Zilifunikwa mbao laini zenye vitundu vitundu kuanzia chini hadi darini, na ukiongea humo sauti haikurudii, inamezwa. Ukipiga makofi ni kama umepiga ndani ya godoro.

Mezani palikuwa na amplifaya ya chuma, nzito, imekufa zamani. Nyuma yake palichomekwa waya mmoja mfupi, mnene, unaokwenda kwenye spika ya mle mle chumbani. Na ukutani, kwenye misumari mitatu, zilining'inia rola tatu za waya mwembamba: mrefu, bapa, umefunikwa uzi wa kahawia uliofumwa kama kamba ya kiatu.

Rola moja niliishusha siku ya Alhamisi, nikaitia kwenye begi, nikaipeleka kwa mnunuzi wa skrepa. Alichuna ncha kwa meno, akaangalia nyuzi za ndani, akasema, "Hii siyo shaba, mwalimu. Ona, nyeupe. Hii ni aluminiamu." Kweli nyuzi zilikuwa nyeupe, zinang'aa kama fedha. Akapima na maganda yake, akanipa shilingi 3,500. Jioni ile nilikula chipsi mayai, na chenji nikanunua bando la siku moja.

Kipande cha kama futi moja kilibaki kwenye begi. Siku mbili baadaye nilikuwa nakikwangua kwa wembe, mikono tu haina kazi, na chini ya ule weupe nikaona wekundu.

Hapo ndipo nilipoanza kutaka kujua ule waya ni wa nini. Natamani niseme nilisukumwa na moyo wa utafiti. Hapana. Nilihisi nimepunjwa, na nilitaka kujua nimepunjwa kiasi gani, ili zile rola mbili nisije nikapunjwa tena.

Nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la darasa. Mmoja akasema ni waya wa antena ya tivii. Mwingine akasema wa simu za mezani. Wa tatu, ambaye hata ukimwonyesha sufuria iliyotoboka atakwambia hivyo hivyo, akasema ni ya Mjerumani, usiuze, kuna watu Dar wananunua kwa mamilioni. Sisi wa Morogoro tuna ugonjwa huo. Kila kitu cha zamani ni cha Mjerumani, na pembeni yake lazima kuna rupia zimefukiwa. Mjerumani kweli alileta reli ikafika Morogoro mwaka 1907, lakini mwaka 1916 Waingereza walikwisha kumtoa mjini, na wakati huo matangazo ya redio yalikuwa hayajaanza. Spika angeiweka ya kusikiliza nini?

Bando lilipokuwa bado lina pumzi niliingia mtandaoni, na huko ndiko nilikoharibikiwa kabisa. Nikakuta kuna watu duniani, wengi wao Japani na Ulaya, wanaonunua nyaya kuukuu za spika kwa bei ya kutisha. Wanazopenda kuliko zote ni za kampuni ya Kimarekani ya Western Electric: nyuzi za shaba zilizopakwa bati, juu yake kitambaa kilichofumwa. Wanadai muziki unapita humo kwa utamu wake. Nikatazama kipande changu. Shaba iliyopakwa bati, ipo. Kitambaa kilichofumwa, kipo. Jamani, usiku ule sikulala. Nilikwisha kulipa ada ya mdogo wangu, nikanunua na laptopu.

Jumamosi nikapanda gari kwenda mjini. Karibu na Soko la Chifu Kingalu kuna kichochoro chenye mafundi redio, na mmoja wao ni mzee aliyezungukwa na maredio mpaka huwezi kujua kiti chake kiko wapi. Nikaamkia, nikatoa kipande changu, na picha za vilivyobaki.

Hakushangaa hata kidogo. Alichukua kile kipande, akakipinda, na ganda la mpira lililo chini ya kitambaa likapukutika kama mkate mkavu.

"Unajua kwa nini walipaka bati?"

Nikasema ili kupendezesha. Akacheka.

"Mpira wa zamani ulipikwa na salfa ili ukaze. Salfa inaila shaba, inaifanya nyeusi. Bati linaikinga. Basi. Nyaya zote za mpira za wakati ule zilikuwa hivi, hata za taa. Aliyekwambia aluminiamu alikuibia, au naye hajui." Akanyamaza kidogo. "Ulimuuzia ngapi?"

Nikasema nimeuza kidogo tu.

Kuhusu Western Electric alitaka kuona jina limechapwa wapi. Halikuwepo popote. Kulikuwa na uzi mmoja mwekundu uliopita ndani ya kitambaa upande mmoja, nao, alisema, ni alama ya kutofautisha waya huu na mwenzake, ili spika mbili zisifungwe kinyume. Zikifungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inapotea. Alinionyesha kwa betri ya redio: ukigusisha kwenye spika, ile karatasi inaruka mbele, ukigeuza betri, inarudi nyuma. Miaka yote niliyosoma sayansi sijawahi kuonyeshwa kitu chepesi namna hii.

Akaja kwenye picha ya waya mfupi. Plagi yake ina mguu mmoja bapa na mmoja wa mviringo, huwezi kuichomeka kinyume hata ukiwa gizani. "Hii sasa ndiyo ya Mjerumani," akasema, na mimi moyo ukaruka. "Inaitwa DIN. Ni shirika lao la viwango, kama TBS yetu. Plagi hizi zilikuwa kwenye Philips, Grundig, Telefunken, zote hizo." Kwa hiyo mshkaji wa kwenye grupu alipatia, ila kwa nusu karne alikosea. Ule waya wa umeme wa amplifaya ulikuwa na rangi nyekundu, nyeusi na kijani, ambazo ndizo zilizotumika kwa Waingereza kabla ya nchi za Ulaya kukubaliana kahawia, bluu, na kijani yenye mstari wa njano, karibu mwaka 1970. Kwa hiyo mzee alikadiria vitu vile ni vya miaka ya sitini au vimepitwa kidogo tu. Zama za Mbaraka Mwinshehe, akasema, kipindi Morogoro Jazz wanakwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Hapo tulipoteza kama nusu saa, maana alikuwa na maoni yake juu ya gitaa la solo na hakuna aliyekuwa na haraka.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua, na nikamuuliza. Waya wa kwenda kwenye spika ya karibu, mle mle chumbani, ni mnene. Waya mrefu wa kwenda mbali ni mwembamba. Hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua waya ukirefuka ukinzani unaongezeka, kwa hiyo wa mbali ndio ungetakiwa uwe mnene. Aliyeweka alikosea?

Mzee akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. "Umeziona hizo spika za mbali? Nyuma yake kuna kibati chenye chuma ndani?"

Sikuwa nimeziona. Hata sikujua ziko wapi.

"Kaziangalie. Halafu fikiria Kidatu."

Kwenye gari la kurudi nilifikiria Kidatu. Mitambo ile ni ya megawati 204, na umeme wake hauji hivi hivi kutoka bwawani. Unapandishwa mpaka volti 220,000, ndipo unatiwa kwenye nyaya kuja Morogoro na kwenda Dar es Salaam, halafu unashushwa. Volti zikiwa nyingi, mkondo unakuwa mdogo. Mkondo ukiwa mdogo, waya haupati joto na umeme haupotei njiani. Jumatatu asubuhi nikaweka kiti juu ya dawati katika Kidato cha Pili A, na pale juu karibu na dari, kwenye kiboksi cha mbao nilichodhani ni cha fyuzi, nikakuta nyigu, nikakuta spika, na nyuma ya spika transfoma ndogo kama kiberiti.

Ni Kidatu ile ile, ndogo ya shule. Amplifaya ilipeleka sauti kwa volti 100, transfoma ya kila darasa ikaishusha. Spika ya wati 10 kwa njia hiyo inataka ampia 0.1 tu. Ile ya kawaida ya omu 8 ingetaka zaidi ya ampia moja, na kwa kuwa kinachopotea kwenye waya kinakwenda kwa mraba wa mkondo, hasara ingekuwa zaidi ya mara 100. Ndiyo maana waya mwembamba ulitosha kuvuka uwanja. Boksi kama hizo zilikuwa kwenye madarasa manne. Matatu nyaya zake bado zimepigiliwa ukutani. La nne ni Pili B, ng'ambo ya uwanja, ambako waya ulishushwa paa lilipobadilishwa, ukaviringwa vizuri, ukatundikwa kwenye msumari stoo, ukisubiri.

Nilisimama pale uwanjani nikapima kwa hatua kutoka stoo hadi Pili B. Hatua sabini. Nikaenda kwenye misumari nikapima zile rola mbili zilizobaki. Zote mbili zilikuwa fupi, masazo tu. Ile ndefu nilikuwa nimeila na mayai.

Wiki ile nilikwenda Mgeta kwa bibi yangu, kwa kuwa njia inapita Mlali na kwa kuwa nilikuwa na njaa. Nikamsimulia habari za chumba, nikaruka habari za skrepa. Bibi akasema, "Kusikiliza? Sisi tulisoma kwa kusikiliza." Mwaka 1973, Mtu ni Afya. Kozi ile mimi nilikuwa nimeisoma kwenye notisi za elimu ya watu wazima, mstari mmoja: kampeni ya redio, washiriki wapatao milioni mbili. Kwa bibi haikuwa mstari mmoja. Walikaa chini ya mti, redio moja, kiongozi wa kikundi ana kijitabu. Kipindi kikianza hakuna kuongea. Kikiisha wanaulizana: amesema nini? Wewe umesikiaje? Hapa kwetu inawezekana? Halafu wanakubaliana cha kufanya, na kesho yake wanakwenda kuchimba choo. "Asiyesikiliza alijulikana," bibi akasema, "maana choo chake kilikuwa kifupi."

Nikamrekodi kwa simu. Dakika sita.

Sasa turudi kwetu sisi wa ualimu. Tangu mwaka wa kwanza tunakariri stadi nne za lugha: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Kusikiliza ndiyo ya kwanza kwenye orodha, na ndiyo pekee ambayo sijawahi kumwona mtu akiifundisha. Kwenye andalio la somo tunaandika "wanafunzi watasikiliza kwa makini", maana yake wanyamaze. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo zaidi ya mara kumi. Na mahali fulani, katika shule ya kawaida kabisa ya Mlali, watu waliwahi kujenga chumba kizima kwa ajili ya stadi hiyo, wakavuta waya mpaka madarasani.

Amplifaya ya zamani haikufufuka. Lakini shule ina ile ya mahafali, na nilipoigeuza nyuma nikakuta imeandikwa 100V pale pa kufungia waya. Vipaza sauti vya misikitini na makanisani vinafanya kazi hivyo hivyo mpaka leo; nimepita chini yake maisha yangu yote. Mzee fundi alinionya kwenye simu: volti 100 zinarusha mtu, zima kwanza, na popote mpira ulipopukutika funga upya. Nilifunga kwa siku tatu. Nyigu walinipata mara mbili.

Siku ya somo, bibi alisikika madarasa matatu kwa pamoja. Pili A wana watoto themanini na kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuhitaji kupiga ubao. Walicheka alipotaja choo kifupi. Nilikuwa nimeandaa maswali matano. Waliofanya vizuri hawakuwa wale ninaowazoea. Kuna kijana wa nyuma kabisa ambaye daftari lake huwa jeupe, nilidhani mvivu. Alijibu yote matano kwa mdomo, tena akaongeza jambo moja ambalo mimi sikulisikia mpaka niliporudia kurekodi kwangu. Baadaye ndiyo nikajua haoni ubaoni.

Pili B hawakuwa na sauti. Walitoka darasani wakaja kusimama madirishani mwa Pili A, wamepandiana migongoni, mvua inanyunya. Kiranja wao akaniuliza, "Mwalimu, ya kwetu imeharibika?" Nikasema waya haupo. Akasema, "Ulikuwepo, mwalimu. Mimi niliuona stoo tulipokwenda kuchukua majembe."

Jioni nilikwenda kwa Madam, mwalimu wangu mlezi, ambaye ndiye ananijazia fomu ya tathmini. Nilikuwa nimepanga sentensi ya kuanzia, yenye maneno "changamoto" na "mazingira". Haikutoka. Nikasema, "Madam, rola ya tatu niliiuza skrepa."

Hakupandisha sauti. Alifungua kabati, akatoa leja ya stoo, kitabu kikubwa cha jalada gumu ambacho sikuwahi kuomba kukiona, akafunua kurasa za nyuma kabisa akitafuta kwa kidole. Akanigeuzia. Mwandiko wa kalamu ya wino, umelala vizuri: "Waya wa spika, laini ya volti 100, rola 3. Ndefu ni ya darasa la ng'ambo."

Nilichozunguka nacho mtandaoni, kwenye grupu, mjini na Kidatu, kilikuwa mita mbili kutoka kiti ninachokaa kunywa chai.

"Uliuza shilingi ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano."

Hapo ndipo alipovua miwani. Naona kama kiasi kilimuumiza kuliko tendo lenyewe. Akaandika chini ya ule mwandiko wa zamani: rola 1, imeuzwa na mwalimu wa mazoezi. Akanipa kalamu nisaini. Nimesaini fomu nyingi chuoni, lakini ile ilikuwa saini yangu ya kwanza katika kitabu cha shule, nikiwa mwalimu.

Nilinunua waya mpya wa umeme wa nyuzi mbili, mita 60, kwa hela niliyokopa kwa watu watatu wa hosteli, ambao wakisoma hapa wajue sijawasahau. Ulikula karibu 50,000. Tuliuvusha uwanja Jumamosi, mimi na kiranja wa Pili B na wenzake wanne, tukiupitisha juu ya mti wa mwembe ili wapika uji wasiunase. Somo la pili la kusikiliza lilifika madarasa yote manne. Sauti ya Pili B ilikuwa nyembamba kidogo. Kiranja alisema ni transfoma. Mimi nadhani ni nyigu.

Siku ya mwisho Madam alitoa tena ile leja. Alikuwa ameongeza mstari, akanionyesha kabla sijapanda bodaboda: "Rola 1 imerudishwa. Siyo ya aina ile ile." Nikasaini na hapo.